Makadirio ya Moshi

Simu ya Careen ilimkuta Odilia amepiga magoti juu ya robota la jinzi, anakaza kamba huku ncha moja ameing'ata kwa meno. Alipoitoa kamba mdomoni ili aseme haloo, robota lilifumuka na mumewe, Eliakimu, akaguna kwa uchungu. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imekwenda na maji.

“Mama Cyrus, unanisikia?”

“Nakusikia, mdogo wangu. Sema.”

Careen alikuwa mfanyabiashara mwenzao, mtu wa Tukuyu, anayenunua nguo kwenye soko la Shisanhang, hapohapo Guangzhou, Uchina, na kuzipeleka Mbeya. Mdogo wake, Thomas, alikuwa anasoma Urusi katika mji uleule aliokuwa Cyrus, mtoto pekee wa Odilia na Eliakimu. Kwa hiyo habari za Cyrus mara nyingi zilipitia kwake kabla hazijawafikia wazazi.

“Msitu umeungua huko, ule anakofanyia mafunzo. Wanafunzi walipelekwa kuzima. Thomas anasema Cyrus yuko hospitali...” Sauti ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Nyuma yake watu walikuwa wanakimbia kwenye ngazi. “...kapigwa mionzi. Usiogope dada, lakini... Yesu wangu, wanapanda! Polisi wanapanda, nakata!”

Odilia alibaki na simu sikioni. Alipompigia tena Careen, simu ilikuwa imezimwa. Alipompigia Cyrus, alipokea mama mmoja wa Kirusi mwenye sauti tamu ya kurekodiwa, akasema maneno marefu, akakata. Walimpigia tena na tena, na kila mara mama yule alipokea kwa adabu ileile na kuwamega salio, mpaka kadi yao ya kupigia nje ikaisha.

“Kapigwa mionzi,” Odilia alisema. “Baba Cyrus, umesikia? Mwanangu kapigwa mionzi.”

Kwa mtu mwingine neno lile lingepita kama maneno mengine ya hospitali. Kwa Odilia lilikuwa na sura na harufu. Dada yake mkubwa alipelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi, akarudi Mafinga shingo imeungua, hawezi kumeza hata uji, na Krismasi hakuiona. Mtu hapigwi mionzi kwa mafua.

Na nje hakukuwa kwa kutoka. Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka ule Guangzhou ilipokuwa inajikwatua kwa ajili ya Michezo ya Asia, na sehemu ya kujikwatua huko ilikuwa kuwafagia wageni wasio na karatasi. Viza zao zilikuwa zimekufa tangu mwezi wa sita. Kila walikokwenda kuomba kuongezewa waliambiwa “meiyou”, yaani hakuna, na wakati mwingine karani aliwaambia hivyo kabla hawajafungua mdomo. Askari walikuwa darajani, walikuwa kituo cha treni, walikuwa kwenye ngazi za masoko, na neno lao lilikuwa moja tu: “Huzhao.” Pasipoti. Basi mke na mume walihamishia kazi chumbani, ghorofa ya tisa, wakawa wanafunga mizigo ya wenzao kwa ujira, mapazia yamefungwa mchana kutwa, na anayetaka kukohoa anakoholea kwenye mto wa kulalia.

*

“Hebu nieleze,” Odilia alisema. “Mafinga misonobari inaungua kila kiangazi. Nimekulia humo. Watu wanakwenda kuzima, wanarudi weusi, wanaoga, wanakula. Sijasikia hata mmoja kapigwa mionzi. Huko kwao moto una nini?”

Eliakimu alifundisha fizikia sekondari miaka mingi kabla biashara haijamnyakua, na bado alikuwa na tabia ya kufuta miwani kila alipoulizwa swali ambalo angependa lisiulizwe. Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana, akaivaa, akaivua tena.

“Ule msitu si kama wa kwetu,” alisema. “Kile kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, wingu lake lilipita kule, mvua ikanyesha. Cyrus hajazaliwa bado. Ile sumu iliyodondoka na mvua, sesiamu, imekaa kwenye udongo na majani mpaka leo. Kuna vibao vinakataza watu kuchuma uyoga. Ukiwaka moto, sehemu yake inapanda na moshi.”

“Na wewe umeyajua leo?”

Aliivaa miwani.

“Eliakimu. Umeyajua lini?”

“Alipopata nafasi ya chuo. Alisema usiambiwe, utamkataza kwenda.”

“Ningemkataza!”

“Ndiyo.”

Odilia alimrushia selotepu. Ilimkosa, ikagonga ukuta wa jirani, na wote wawili wakainamisha vichwa kwa woga wa ile kelele, maana katika nyumba ile hata hasira ilibidi ifanywe kwa kunong'ona. Alikaa chini kati ya marobota akalia bila sauti. Mwanamume alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Alipomaliza kulia alisema jambo ambalo wote wawili walikuwa wanalizunguka. “Nakwenda kujisalimisha.”

“Mama Cyrus.”

“Bila muhuri wa kutoka hatuendi popote, na muhuri uko kwa polisi. Watanifunga, watanitoza, watanirudisha nyumbani, basi. Nikiwa Dar nitatafuta njia ya kumfikia. Siwezi kukaa hapa nafunga jinzi mwanangu anaoza huko.”

“Ukijisalimisha hurudi tena nchi hii. Mzigo wetu wenyewe bado uko godauni, hakuna wa kuupakia, na ada ya Cyrus ya mwaka wa mwisho iko ndani ya mzigo ule. Kama mtoto ni mzima, utakuwa umemfukuza chuo kwa mikono yako.”

“Na kama si mzima?”

“Kama si mzima tunakwenda wote. Leo hii.” Eliakimu aliokota makapeni, ile kalamu nene wanayoandikia anwani kwenye maboksi, akavuta boksi tupu, akakaa chini. “Ngoja kwanza tujue kavuta kiasi gani. Inahesabika.”

*

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa kuliko mkewe, na hesabu ilikuwa ndiyo rozari yake. Aliandika kichwa cha habari na kukipigia mstari, kama ubaoni.

“Kwanza, kuna sesiamu kiasi gani ardhini. Cyrus aliwahi kunitajia, nakumbuka. Pili, katika hiyo, ni sehemu gani iko kwenye majani makavu na magome yanayoungua, maana iliyozama udongoni moto haiifuati. Tatu, katika inayoungua, kiasi gani kinapanda na moshi na kiasi gani kinabaki kwenye majivu. Halafu moshi wenyewe unatawanyika. Halafu tunauliza alivuta hewa kiasi gani, kwa muda gani, na alifunika pua au hakufunika.”

“Na hivyo vyote unavijua?”

“Kimoja. Vingine nakadiria.”

Odilia alijifuta uso kwa kanga, akasogea karibu. Kukadiria ulikuwa mkate wao. Mizigo ya kwenda Dar hulipiwa kwa ukubwa wa nafasi inayokula kwenye kontena, na kabla haijapimwa rasmi watu hukubaliana kwa macho. Odilia alikuwa na jicho ambalo mawakala wa mizigo wa mtaa wa Yide Lu walilitania na kuliogopa. Alimwangalia mumewe akiandika, na kadiri alivyoandika ndivyo uso wake yeye ulivyozidi kukunjamana.

Eliakimu aliandika kwamba mtoto alikuwa kwenye moshi saa mbili. Aliandika kwamba upepo ulikuwa unapeleka moshi upande wa pili. Aliandika kitambaa chenye maji puani. Alizidisha, akagawanya, akapuliza wino ukauke, na uso wake ukafunguka kidogo.

“Haifiki hata picha moja ya kifua,” alisema. “Ile ya eksirei unayopigwa ukitafutwa kifua kikuu. Sikia, Mama Cyrus, haifiki.”

“Saa mbili umezitoa wapi?”

“Nimekadiria.”

“Na upepo?”

“Nimekadiria.”

“Umeshaona moto wa misonobari ukazimwa saa mbili? Umeshaona moshi unaomkwepa mzimaji?” Sauti ilianza kumpanda. “Nakujua, Eliakimu. Mzigo wa mtu ukija hapa unaukadiria mkubwa ili alipe. Mzigo ukiwa wako unaukadiria mdogo ili usilipe. Sasa umemkadiria mwanangu kama mzigo wako!”

Yale maneno yalimchoma mwalimu. Alifungua mdomo kujibu, na papo hapo nyayo zikasikika kwenye korido, zikasimama mlangoni kwao.

Eliakimu alishika makapeni mbele ya kifua kana kwamba ingemkinga. Odilia alilitazama komeo la mlango, akaona ni kijichuma kidogo kiasi gani, akawaza kwamba wakivunja atasema neno gani kwanza, na kwa lugha ipi. Mkojo ulimbana ghafla kama mtoto.

“Shoga, mie Swalha,” sauti ilinong'ona. “Fungueni basi.”

Swalha alikuwa jirani yao, Mzanzibari anayenunua mapazia na mashuka, na karatasi zake nazo zilikuwa zimekufa mwezi wa saba. Aliingia ubavuubavu, mtandio mkononi. “Punguzeni sauti, mnasikika mpaka kwenye lifti. Askari wako jengo la pili, wanagonga chumba hadi chumba. Kuna nini?” Walipomweleza aliketi juu ya robota akashika tama. “Yaa Rabbi. Cyrus yule mrefu? Na kadi ya simu mie pia sina. Yule muuzaji wa chini ya daraja leo hakufungua.”

“Nakuomba, Baba Cyrus,” Odilia alisema, sasa taratibu. “Rudia. Kadiria kama mzigo wa mtu mwingine.”

Eliakimu aligeuza boksi upande msafi. Kila penye shaka alichukua baya. Aliweka kutwa nzima kwenye moshi. Aliondoa kitambaa. Alisimamisha upepo. Aliweka mapafu ya kijana anayefanya kazi ngumu, anayehema kwa mdomo. Tarakimu zikawa kubwa na mbovu, zikashuka mpaka ukingoni mwa boksi.

“Picha chache za kifua,” alisema mwishowe. “Basi. Hata nikimzika ndani ya moshi kutwa nzima, ni picha chache za kifua.”

“Usiseme nikimzika.”

“Samahani.”

“Kama ni hivyo, kwa nini wamempiga mionzi?”

Hapo hesabu iliishiwa. Eliakimu aliangalia boksi upande wa kwanza, akaangalia upande wa pili. “Sijui. Haiingii akilini. Mtu aliyevuta mionzi hatibiwi kwa kupigwa mionzi zaidi. Labda Careen kakosea.”

“Careen hana sababu ya kunidanganya,” Odilia alisema. “Wewe unayo, na ulishafanya.”

Alisimama, akachukua simu, maana walikuwa nayo moja tu, akachukua na mwavuli. Eliakimu alimwekea mkono mlangoni. Alimwambia wanagonga jengo la pili, alimwambia angoje jioni, alimwambia yeye ndiye aende. Odilia aliutoa ule mkono kidole kimoja kimoja.

“Natafuta kadi. Nikiisikia sauti yake, nitaiamini hesabu yako. Nisipoisikia, kesho asubuhi najisalimisha, na usinifuate.”

*

Wanawake wa Guangzhou hujikinga jua kwa miavuli, na chini ya mwavuli ulioshushwa vizuri mtu huonekana viatu tu. Odilia alitembea hivyo, macho kwenye visigino vya waliomtangulia, mpaka eneo la Liuhua. Alihesabu kwamba askari wangekuwa kwenye lango kubwa la soko la nguo, kwa hiyo alipita mlango wa nyuma, kule wanakotolea takataka, akanunua kadi kwenye kibanda kilichoko chini ya ngazi. Muuzaji alimwangalia, akaweka kadi mezani badala ya kumpa mkononi, akaisukuma kwa kikokotoo.

Alikuwa hajapata mahali pa kusimama filimbi ilipolia.

Watu weusi walitoka kila upande. Jamaa mmoja wa Kongo alipita na kiatu kimoja, anamwita Mungu, “mon Dieu, mon Dieu”, na nyuma yake Mkenya aliyebeba begi kichwani akipiga kelele, “Karao wamejaa huko mbele, polisi, rudi, rudi!” Odilia alibanwa ukutani. Hakujua akimbilie wapi. Akawa amesimama tu na mwavuli wake wazi ndani ya jengo, kichekesho cha mchana kweupe.

Mkono ulimvuta kwa nyuma. Ulikuwa wa yule mama wanayenunua jinzi kwake, ambaye kila mtu alimwita laobanniang, bosi mwanamke, na ambaye kwa muda wote wa kufanya biashara hakuwahi kumkaribisha kiti. Alimsukuma mpaka nyuma ya duka, kati ya suruali zilizotundikwa. Akatandika gazeti juu ya stuli kabla hajamwonyesha akae, akamkataza kwa kidole asiguse zile nyeupe, akatoka, akashusha shata ya chuma kwa nje. Giza likaingia. Odilia aliketi juu ya gazeti lake. Alijisikia mchafu, na alijisikia kumshukuru, na hakuweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Alikwangua kadi kwa mwanga wa simu. Namba za siri zilikuwa nyingi na vidole vikamkosesha mara mbili. Nje ya shata viatu vizito vilikuwa vinapita, na sauti ya laobanniang ilikuwa inafoka kwa ukali wa mtu anayesumbuliwa kazini. Simu ikaita. Safari hii yule mama wa Kirusi hakutokea.

“Haloo?”

“Cyrus.”

“Haloo? Nani? Sisikii.”

“Mama,” alinong'ona. Mtu alipiga shata kwa rungu, duka zima likanguruma. “Ni mama yako.”

“Mama! Shikamoo. Ongea kwa sauti, sikusikii kabisa.”

“Siwezi. Sema wewe. Wamekupiga mionzi?”

“Nini?”

“Mionzi. Careen kasema umepigwa mionzi.”

Kijana alikohoa, kikohozi kirefu cha mtu aliyekula moshi, na mama yake akalishika lile gazeti chini yake kwa mikono miwili. “Nimepimwa, mama,” alisema alipopata pumzi.

“Umepigwa?”

“Nimepimwa! Kupima! Kama fundi anavyokupima gauni. Walitukalisha kwenye kiti chenye mashine mgongoni, mmoja mmoja, wanaangalia kama kuna mionzi imeingia mwilini. Yangu wanasema ni kidogo sana, wenyeji wanaokula uyoga wa msituni wananizidi. Huyu daktari ananicheka. Kifua ndicho kinanibana, lakini ni moshi tu, mama, moshi wa kawaida kama wa Mafinga. Simu iliisha chaji, huku umeme ulikatika. Baba yupo? Alikuwa na wasiwasi?”

Odilia aliuma mguu wa suruali ya jinzi, akalilia humo ndani. Pimwa na pigwa. Herufi moja imempitisha kwenye takataka, imemfungia gizani, imemfanya amwite mumewe mwongo mbele ya jirani. Furaha ilimjaa mpaka akaona aibu, kucheka peke yake gizani kati ya suruali.

“Baba yako alishajua,” alinong'ona. “Alipiga hesabu.”

*

Laobanniang alipofungua shata alinyoosha kwanza ile suruali iliyolowa, akaitazama, akaiweka kando bila neno. Halafu akamwonyesha Odilia njia ya takataka. Odilia alirudi nyumbani karibu anakimbia, mwavuli umefungwa, hajali, anayapanga maneno. Angeanza kwa kuomba msamaha. Hapana, angeanza kwa kumwita Mwalimu, kama alivyomwita zamani wakichumbiana, halafu ndiyo amwombe msamaha.

Swalha alikuwa anamngoja kwenye korido, funguo mkononi. Odilia alipoziona zile funguo alisimama.

“Yuko wapi?”

“Shoga, hebu kaa kwanza.”

“Yuko wapi, Swalha?”

“Keshaondoka. Kachana nywele, kavaa lile shati lake la kanisani, kenda polisi mwenyewe.” Swalha alikuwa analia. “Nimemshika, nimemwambia mngoje mkeo, hataki. Kaniambia: ‘Mwambie Mama Cyrus hesabu yangu ni ileile, siibadilishi. Lakini yeye haimtoshi, na kesho atakwenda. Sasa nikienda mimi leo, yeye hana haja ya kwenda. Abaki yeye, apakie mzigo, amlipie mtoto ada. Mimi nitapata muhuri nimfuate Cyrus.’ Hayo ndiyo maneno yake. Hata maji hakunywa.”

Odilia hakulia. Aliuliza tu kituo gani, ingawa alikijua, kile cha mtaa, ng'ambo ya barabara kubwa. Hata chumbani hakuingia.

*

Mbele ya kituo kulikuwa na basi dogo jeupe, na watu walikuwa wanapangwa mstari ili wapakiwe kupelekwa kule wanakowekwa kabla ya kurudishwa kwao. Odilia alimwona Eliakimu kwa lile shati. Alikuwa wa mwisho mwisho, amesimama wima kama mwalimu wa zamu, miwani usoni, pasipoti tayari mkononi ingawa hakuna aliyekuwa anaiuliza tena.

Kati yao kulikuwa na barabara, mabasi yanafuatana bila nafasi. Upande wa Odilia kulikuwa na kituo cha basi chenye watu wengi, na aliyesimama pale hakuonekana. Angeweza kumwangalia mumewe akiondoka, arudi, apakie mzigo. Ndivyo alivyoombwa.

“Baba Cyrus!” aliita. Hakusikia. “Mwalimu!”

Hapo aligeuka. Alimtafuta, akamwona, akatikisa kichwa kwa nguvu: usije.

“Ni mzima!” Odilia alipiga kelele, na basi likapita na kuyafuta. “Hakupigwa! Alipimwa! Hakupigwa mionzi, alipimwa!”

Aliona mumewe akitega sikio kwa mkono. Aliona midomo yake ikirudia neno alilolipata. Na neno alilolipata halikuwa “alipimwa”, lilikuwa “alipigwa”, maana Eliakimu alikaa chini ukingoni mwa barabara, mikono kichwani, kama watu wanavyokaa msibani. Askari mmoja alimshika kwapa amwinue. Hakuinuka.

Odilia alimwita mara nyingine, na mara nyingine, akimtupia lile neno juu ya magari, na kila alivyoita ndivyo yule mwanamume alivyozidi kuinama, maana kutoka ng'ambo kilio na furaha ya mwanamke vina sauti moja. Lile basi dogo liliwasha injini. Wangempeleka hivyo. Angekaa huko ndani, hana simu, anamlilia mtoto aliye hai.

Odilia alivuka. Dereva mmoja alimpigia honi na kumtukana, mwingine alifunga breki. Alipita mbele ya askari wawili bila kuwaona, akachuchumaa, akamshika mumewe kichwa, akaweka mdomo sikioni kwake.

“Alipimwa,” alisema. “Sikiliza. Walimpima tu. Kama fundi anavyopima gauni. Wameona kitu kidogo sana, nimeongea naye sasa hivi, anakohoa, anakusalimia. Careen nilimsikia vibaya. Hesabu yako ilikuwa sawa, Mwalimu. Ile ya kwanza na ya pili.”

Eliakimu alimtazama, miwani imekaa upande. Alianza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega yote, huku machozi yanamdondokea shati la kanisani. Akamshika mkono akaubana. Kisha akaangalia barabara nyuma yake, akaangalia kituo cha basi kule ng'ambo, na kicheko kikamkatika.

“Odi,” alisema. “Mbona umevuka?”

Askari kijana alikuwa amesimama juu yao, mkono ameunyoosha, uso hauna ubaya wala wema.

“Huzhao.”

Eliakimu alimnyooshea ya kwake haraka, kwa mikono miwili. Askari hakuipokea. Alikuwa anamwambia Odilia.